Paka Wawili Nyumbani kwa Zablon

Ukifika Manchira ukaulizia kwa Zablon Nchagwa, watakuonyesha nyumba, kisha watakuonya usiende akiwa amekasirika. Mkono wake ulikuwa unafika kabla ya maneno. Ng'ombe akigoma kuingia zizini, fimbo. Mbwa akibweka ovyo, jiwe. Jirani akiachia mbuzi wakala mtama, ngumi ya uso, tena mbele ya watoto wake. Na Christina, mkewe, mama wa Ezra, mtoto wao anayesoma bweni, alipigwa siku chumvi ilipozidi na akapigwa siku chumvi ilipopungua. Wapo waliomwita dume. Dume gani? Mjinga tu mwenye misuli, na hilo nalisema nikimfahamu vizuri.

Mwaka juzi alimvunja Christina mkono kwa mpini wa jembe. Kisa? Uji umeungua. Uji, jamani! Mfupa ulilia kama kuni kavu, na Zablon mwenyewe aliusikia. Christina hakupiga kelele. Aliufunga mkono kwa kanga, akatembea hadi zahanati, nesi Pudensiana akauwekea vibao na bandeji, na kutoka pale akapanda gari kwenda Nyangoto kwa kaka yake Heche. Hakuaga mtu.

Sasa, kwa Wakurya mke akiondoka moja kwa moja, ng'ombe wa mahari wanarudi walikotoka. Kaka wengi wangemrudisha dada yao haraka kuliko kuona zizi likibaki tupu. Heche alipiga simu, akasema maneno machache tu: "Shemeji, ng'ombe wako wapo, njoo uwaswage. Dada yangu humchukui." Zablon hakwenda. Alijua mwanamume akishawaswaga ng'ombe wale kurudi kwake, ndoa imezikwa. Akabaki nyumbani na sufuria zake, anapika ugali mbichi na kuula hivyohivyo.

Katika upweke huo ndipo alipomwokota Dogo. Mbwa walikuwa wamemrarua paka mmoja chini ya kihenge, na ndani ya mabunzi kikabaki kitoto kimoja, macho hayajafunguka sawasawa, kinalia. Zablon aliinama akitaka kukitupa. Badala yake akakitia mfukoni mwa koti lake la jeshi, lile kuukuu analoendea malishoni. Akakinyonyesha maziwa kwa kitambaa. Kilimkojolea, hakukipiga. Kilimkwaruza shingo, hakukipiga. Alijishangaa mwenyewe. Jioni moja, kile kitoto kikikoroma kifuani mwake, machozi yakamtoka, akamkumbuka Christina na ule mlio wa mfupa, na akaona haya peke yake ndani ya nyumba.

Ndipo akaanza safari za Nyangoto. Mara ya kwanza Heche alimzuia getini na rungu. Zilizofuata alikaa uani kama mgeni asiyejulikana, akanywa maji, akarudi. Mwishowe Christina akatoka, akaketi mbele yake, kaka yake kando.

"Baba Ezra, nitarudi," alisema. "Nitarudi na paka wangu. Na begi langu sitalifungua, litakaa nyuma ya mlango. Siku utakayonyanyua mkono, iwe kwangu au kwa kiumbe chochote kilicho ndani ya nyumba ile, nalibeba naondoka. Safari hiyo ng'ombe utaletewa mpaka mlangoni hata kama hukuwaomba."

"Nimekubali," Zablon akasema, na alikuwa anamaanisha kwa moyo wote. Lakini kumaanisha ni kitu kimoja, mazoea ni kitu kingine.

Huyo paka aliitwa Komando. Dume, kichwa kikubwa, sikio moja limechanika, mnyama aliyekulia kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo akiua panya wa ukubwa wa sungura. Alimjia Christina mwenyewe mkono ukiwa bado kwenye vibao, akalala miguuni pake, hakuondoka tena. Alisafirishwa kwenye gunia lililotobolewa matundu, na alilalamika kutoka Nyangoto hadi Manchira.

Gunia likafunguliwa sebuleni. Dogo alikuwa kwenye kisahani chake anakunywa maziwa. Loo! Komando hakusalimia. Aliruka kutoka mlangoni, akakipiga kile kitoto kikabiringika hadi chini ya meza, akakifuata, manyoya yakaruka, kisahani kikapasuka, Dogo akapanda pazia akining'inia huku kojo likimtiririka. Christina alimdaka Komando kwa ngozi ya shingo. Zablon alibaki ameikunja mikono kifuani, ameibana hasa, ili isije ikafanya kazi yake.

Usiku ule akatafakari kama mfugaji. Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Zablon huicheka methali hiyo tangu ujana. Wanakaa, tena vizuri! Ukileta dume jipya, unafunga lango, unawaacha wapigane mpaka mmoja apigwe ajue nafasi yake. Damu inamwagika siku moja, halafu zizi linatulia. Na mimi nikuambie, mtu huyu hakuwa akiamini hivyo kwa ng'ombe peke yao. Ndivyo alivyoamini kuhusu nyumba nzima.

Kesho yake Christina alipokwenda kuchota maji, Zablon akawachukua paka wote wawili, akawaingiza jikoni, akafunga mlango kwa komeo. Akavuta kigoda, akaketi nje, akawasha sigara. Ndani sufuria zikaanguka. Mwiko ukaanguka. Komando akanguruma kwa ile sauti ya kutoka tumboni. Zablon akavuta moshi. "Wacha ajue mkubwa wake," akasema.

Kisha Dogo akalia. Si kulia kwa ugomvi. Ni kile kilio cha siku alipookotwa kwenye mabunzi, cha kitu kinachojua kwamba kinakufa. Sigara ikamtoka mdomoni.

Alipong'oa komeo alikuta unga umemwagika na damu imechanganyika na unga. Komando alikuwa amembana Dogo nyuma ya kuni, meno yamezama shingoni, miguu ya nyuma inamchana tumbo. Zablon akatumbukiza mkono. Komando akamwachia Dogo, akauma kiganja, meno yakapita kati ya mifupa, akang'ang'ania akining'inia pale huku akiendelea kurarua mkono hadi kwenye kiwiko. Zablon alinguruma. Mkono mwingine, ule wa mazoea, ukapata gogo la kuni, ukalipandisha juu ya kichwa.

Nyuma yake ndoo ilianguka.

Akageuka na gogo juu. Christina alikuwa mlangoni. Maji yalikuwa yakimpita miguuni, naye hakuyaona. Alikuwa amejikunja na kujikinga kichwa kwa mkono, ule uliounga vibaya, uliopinda kidogo. Gogo halikuwa lake, na mwili wake haukungoja kujua ni la nani. Komando naye alishaachia, amejibana sakafuni, masikio yamelala. Na Dogo kwenye kuni, vilevile. Viumbe watatu wamejikunja mbele ya mtu mmoja.

Zablon alilishusha gogo.

"Sijapiga, Mama Ezra."

"Umenyanyua," Christina akasema. "Nilisema siku utakayonyanyua."

Christina akamwokota Dogo, akamfunika na kanga, akaenda chumbani. Aliporudi begi lilikuwa begani. Akasimama pale akiuangalia ule mkono unaochuruzika damu na kile kitoto cha paka mikononi mwake, ambacho mume wake alikuwa ameutumbukiza ili akiokoe.

"Jumapili Heche anakuja," akasema. "Akikuta hawa wanachinjana, naondoka naye. Wewe ndiye utawapatanisha. Na fimbo sitaki kuiona."

Zahanatini, Pudensiana alimshona. Huyu ni binti wa Sumbawanga, ameletwa na serikali, na hamwogopi mtu.

"Shikamoo baba. Umepigana na chui?"

"Marahaba. Paka."

"Paka!" Akavuta uzi, Zablon akauma meno. "Unaumia, baba? Pole. Mama Ezra alipokuja na mfupa wake hata 'aa' hakusema. Alikaa hapohapo ulipokaa wewe."

Siku nyingine angempasulia meza. Siku ile aliinamisha kichwa, akaacha sindano ipite, na lile neno likamchoma kuliko sindano.

Njiani kurudi ndipo akakumbuka. Baba yake alikuwa na ng'ombe aliyefiwa na ndama, na ndama mwingine aliyefiwa na mama. Ng'ombe alimpiga mateke yule yatima, nusura amuue. Baba yake, ambaye naye alikuwa bingwa wa fimbo, siku ile hakushika fimbo. Alichuna ngozi ya ndama aliyekufa, akaifunga mgongoni mwa yatima, akakaa pembeni kimya. Ng'ombe akanusa, akanusa, akaacha anyonywe. Ng'ombe hapendi kwa macho, anapenda kwa pua, mzee alisema. Na wewe Zablon hilo ulilijua siku zote, ukaenda kuchagua la mafahali!

Akafika, akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Aliomba kipande cha kanga kuukuu. Komando akafungiwa chumbani, Christina akiwa naye, Dogo akabaki sebuleni na kidonda chake. Kile kipande Christina alimsugulia Komando mashavu, Zablon akakipeleka kwa Dogo akilalie. Halafu akavua koti la jeshi, lile lenye harufu ya Dogo tangu siku alipookotwa, akalisukuma chini ya mlango wa chumbani. Komando alilipokea kwa makucha. Zablon aliketi upande wa pili akisikiliza koti lake likiraruliwa mshono baada ya mshono.

Kila siku hivyo. Dagaa huku kidogo, dagaa kule kidogo, mlango katikati, naye sakafuni. Mtu ambaye hajawahi kungoja hata chai ipoe! Mnadani hakwenda. Ng'ombe wakachungwa na jirani yake Simioni, aliyekuja jioni akamkuta amelala kifudifudi, jicho kwenye uwazi wa mlango.

"Mura, mwanamume mzima, umekuwa mkunga wa paka siku hizi?" Simioni akacheka mpaka akashika mbavu.

Ngumi ilijikunja yenyewe. Nyuzi za kidonda zikavuta, damu ikatokeza kwenye bandeji. Zablon akaitazama ile ngumi kama kitu cha mtu mwingine, akaikunjua kidole kwa kidole.

"Karibu chai, Simioni," akasema. Simioni aliacha kucheka.

Alipoufungua mlango kwa upenyo wa kwanza, Komando alipitisha kucha na kumchana Dogo pua. Akaufunga, akaanza upya. Upenyo wa pili, mate na kufoka. Jumamosi akauacha wazi, akaketi katikati na jasho likimtoka, Christina amesimama kwa mbali na begi mlangoni nyuma yake. Komando akaja. Akanusa kichwa cha Dogo, akanusa shingo pale penye kidonda, akanusa tena. Dogo alifumba macho, akabaki anatetemeka. Komando akampiga kofi moja. Halafu, kana kwamba amechoka na mambo yote haya, akajilaza kando yake, akaanza kumramba sikio.

Zablon alilia waziwazi. Christina alimwona.

Jumapili Heche akaingia na pikipiki yenye bomba lililotoboka. Ule mlio! Dogo akapaa hewani, akakimbilia nyuma ya mlango, akapanda juu ya begi na kujikojolea hapohapo. Komando akamfuata, akajilaza juu yake, akamtolea Heche meno. Ndivyo shemeji alivyowakuta, wamebanana juu ya begi, mkojo unapenya ndani.

Heche alicheka kwanza. Halafu akakaza uso, akamgeukia dada yake. "Tunaondoka?"

Christina akafungua zipu, akapapasa. "Nguo zimelowa," akasema.

Heche alikula, akaaga, akaondoka peke yake. Christina akafua kila kitu kilichokuwa kwenye begi, akakianika kwenye waya kutoka kihenge hadi zizi. Zablon alishinda akizizunguka zile nguo, anajifanya anarekebisha uzio. Nani asiyejua alichokuwa anangoja? Zikikauka zitakunjwa, na zikikunjwa zitaingia mahali.

Jioni Christina aliziingiza, akaketi kitandani, akakunja. Gauni la kwanza likaingia sandukuni. La pili likaingia sandukuni. Kanga, sweta, vitenge, vyote sandukuni. Zablon alisimama kwenye kizingiti akihesabu pumzi zake. Likabaki gauni moja la bluu, lile alilovaa siku ya uji. Hilo Christina akalikunja taratibu, akalitia ndani ya begi, akavuta zipu, akalirudisha begi nyuma ya mlango.

"Hili litakaa humo," akasema.

"Nimeelewa, Mama Ezra."

Furaha ilimjaa, akataka kufanya jambo, lolote. Lile koti lililoraruka lilikuwa limetundikwa msumarini juu ya kichwa cha mkewe, akanyoosha mkono haraka alichukue akalishone. Christina akajikunja. Mkono uliopinda ulikuwa umeshafika juu ya kichwa.

Koti likabaki msumarini. Zablon akaushusha mkono polepole, mpaka ukagusa sakafu, kisha naye akaketi chini palepale, karibu na paka waliolala sakafuni, akaanza kungoja.