Mama Kamtoa Mwanangu, Nikimfuata Nanyimwa Radhi

Admin, nifiche jina tafadhali, kina mama wa huku London wote wananijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, Mpemba, niko Thamesmead tangu miaka ya tisini. Mume tuliachana. Nina binti mmoja wa miaka sita, na mama yangu mzazi nakaa naye mimi, namuogesha, namlisha. Na kazini ni hayo hayo, nalea wazee wa Kizungu.

Mama Kiingereza hajui lakini anapenda hadithi. Nikitoka shifti namkanda miguu huku namsimulia vitabu ninavyoazima laibrari. Juzi ilikuwa riwaya ya mwandishi mmoja mwanamke wa Kichina: mtoto wa kike anatolewa kwa ami yake, maana nyumbani wanataka wa kiume. Nikashindwa kuendelea, nalia. Mama akacheka! "Unalilia nini? Mbona na wewe nilikutoa kwa dada yangu, umekufa?" Nikamwambia, mama, nilikuwa nakulilia wewe. Akasema, "Ungekuwa mwanamme nisingekutoa."

Haya, hapo hapo akanipasulia: keshamwahidi kaka yangu anayekaa Kenton, hapa hapa London, kuwa atampa binti yangu amlee, kwa vile wifi hakujaaliwa kuzaa. Najua kwetu kupeana watoto wa kulea ni jambo la kawaida, lakini huombwa mzazi, jamani! Nikasema mwanangu simtoi, abadan. Mama akanuna, akasusa na chakula changu.

Jumamosi narudi kazini, mtoto hayupo. Kaka kaja kumchukua, na nguo zake zote. Nikageuka nimfuate. Mama yuko kwenye kochi, wala hakupandisha sauti: "Nenda. Lakini radhi zangu huna, na nikifa usinioshe. Mkono wako usiniguse." Wallahi nilikaa chini pale pale nikalia, na yeye ananitazama tu.

Leo nimepiga simu. Wifi kanambia, "Usimsumbue, ndiyo kwanza anazoea." Nikamtukana mpaka akampa simu mtoto. Mwanangu hunijibu Kiingereza siku zote, leo kasema Kiswahili: "Mama, bibi kasema umenitoa wewe. Kwa sababu mimi mwanamke?"

Simu ikakatwa kabla sijamjibu.

Ndugu zangu, nipeni mawazo. Nikamchukue mwanangu niishi bila radhi za mama, au nimwache akue akiamini nilimtoa mimi?