Mgeni Kwenye Kilio cha Mke Wangu

Siku moja naikumbuka hata nikikataa, mwanangu. Ndiyo siku niliyofika Panda, mtaa wetu wa Likasi, na gitaa mgongoni, nikakuta kilio mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Mke wangu Ernestina alikuwa amefariki.

Nilikuwa kijana, mpiga gitaa la solo wa okestra ya vilio. Unaijua kazi ile: tajiri akifiwa Kolwezi au Kasumbalesa, anatuita tupige muziki mpaka siku ya kuzika. Nililiza watu nisiowajua, nikamsifu marehemu ambaye jina lake nimeliandika kiganjani nisije nikalisahau. Na walinipenda, wee! "Solo! Solo!" Lakini kilio kikiisha kila mtu anashika njia na ndugu zake, nami nabaki na spika. Nilalapo na homa kwenye vyumba vya kupanga, hakuna wa kuniuliza kama nimekula. Upweke ule unamla mtu polepole, usidanganywe na makofi.

Basi habari ya Ernestina ilinikuta huko huko njiani. Nikafika, mikeka imejaa wanawake wanaolia, mtaa mzima upo. Mama mmoja kijana aliyekuwa akigawa bukari, ugali wetu, akaniletea kiti, kwa heshima kabisa.

"Papa, pole. Weye ni wa upande gani wa marehemu?"

Mwanangu! Mke wangu, nyumba yangu, naulizwa mimi ni wa upande gani. Kwa aibu nikafungua gitaa, angalau nimpigie mke wangu. Mama Kalenga, mkubwa wa mtaa wetu, akanishika mkono.

"Acha ile kitu. Tulipofiwa siye, weye ulikuwa unalilia maiti ya bengine. Leo bantu bamekuja juu ya bibi yako, hapana juu yako. Ikala kwa mukeka, ulie."

Nikakaa. Machozi hayakuja. Vidole vilikuwa vinatafuta nyuzi kwenye mkeka, kwa maana sikuwahi kulia bila gitaa. Nimezeeka na huzuni hiyo, na sidhani itaniacha.

Nasikia nawe kesho unaondoka na bendi. Sikukatazi, mimi nani? Wazee walisema mcheza kwao hutuzwa, ila tumbo nalo lina njia zake. Lakini kila ukirudi Likasi, hata umechoka vipi, uliza nani amefiwa mtaani, uende. Uende mikono mitupu, bila gitaa. Kaa chini, chota maji, watoto wa hapo wakujue sura na jina. Mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu, na mtumwa hufa bila wa kumlilia.

Haya, nenda. Mungu akuepushe na malori ya barabara ya Kolwezi, akupe vidole vyepesi. Na siku utakapofiwa, akujalie machozi, na jirani wa kuyafuta.