Nilipima Ng'ombe wa Mahari Yangu Bila Kujua

Kisa hiki kimetufikia kutoka mkoa wa Mara. Jina la mwandishi na la kijiji chake tumeyaficha kwa ombi lake.

Mhariri, naomba usiyapunguze makali maneno yangu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, daktari wa mifugo wa serikali, kituo changu ni Bunda. Sijaolewa. Ni mtoto wa pekee wa mama yangu, mjane anayeishi kijiji cha ujamaa upande wa Butiama. Haya ninayoandika yameniudhi kiasi kwamba nikiyanyamazia nitapasuka.

Mwezi uliopita bwana mkubwa wangu aliniita akaniambia imepatikana nafasi moja ya kusomea ubingwa wa upasuaji wa mifugo, nje ya nchi, miaka mitatu. Nafasi hiyo nimekuwa nikiililia tangu yule ng'ombe wa Guta. Alishindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya, na nilijua kabisa kwamba hapo ni kumpasua ubavuni. Kujua nilijua, lakini mkono wangu haukuwa umefundishwa vya kutosha. Ndama alitoka hai, mama yake akanifia mikononi. Mwenye ng'ombe hakunilaumu, alisema tu, "Daktari, huyu ndiye alikuwaga ananilishia watoto." Tangu siku ile nataka kusoma upasuaji, na sioni aibu kusema nataka.

Sasa sikilizeni nilivyofanyiwa. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, ndiye msimamizi wa boma letu. Alinifuata Bunda akasema, "Mwanangu, kuna ng'ombe wa mtu mmoja wa Mugango nataka kuwaingiza nyumbani. Njoo uwaangalie, wasije wakatuletea ndigana, ile homa ya kupe." Nikaenda na pikipiki ya idara. Nikawashika mmoja mmoja, meno, kwato, tezi, joto. Mtamba mmoja mwekundu tezi zilikuwa zimevimba, nikasema huyu arudi, aletwe mwingine. Akaletwa mwingine, mzuri kumshinda yule. Muda wote baba mdogo alikuwa anacheka peke yake, nami nikadhani amefurahia tu afya ya ng'ombe. Kumbe nilikuwa napima mahari yangu mwenyewe, tena nikimsaidia kuchagua walio bora.

Siku nilipokwenda nyumbani kuwaambia habari za masomo ndipo yakatoka.

"Masomo gani tena?" baba mdogo akauliza. "Ng'ombe wako wako zizini. Uliwapitisha kwa mkono wako mwenyewe."

"Niliwapitisha ng'ombe, Baba. Sikujipitisha mimi."

"Unanijibu hivyo kwa sababu ya hicho kidigrii chako?"

"Nakujibu hivyo kwa sababu hukuniuliza."

Wasomaji wa pwani msishtuke, niwaeleze mila yetu. Kwetu mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Huyo anakuwa mkamwana wake, na watoto atakaowazaa na mwanamume watakayemkubali wanakuwa wa nyumba ile. Si jambo la ajabu, nimekua nikiliona. Lakini ng'ombe hao mara nyingi hutoka kwenye mahari ya binti wa nyumba hiyo. Kwa hiyo mimi nisipoolewa, mama hapati mkamwana, na nyumba ya baba inafungwa. Hapo ndipo waliponishika.

Nikasema haya, nitanunua ng'ombe kwa mshahara wangu, mama aoe, mimi niende zangu. Baba mdogo akatikisa kichwa. "Ng'ombe wa mshahara ni wa mnadani, hawana shemeji nyuma yao. Nani atatoa binti yake kwa ng'ombe wa namna hiyo?" Nikamwambia dunia imebadilika, siku hizi hata pamba tunalimaga pamoja. Akasema kulima ni mambo ya kijiji, nyumba ni mambo ya ukoo, nisimchanganyie habari.

Huyo bwana wa Mugango aliyetoa ng'ombe ili anioe nilimfuata mwenyewe. Nikamwuliza kama anaweza kungoja hiyo miaka mitatu. Akasema, "Mimi natafuta mke wa kukaa naye. Bingwa nitamfanyia nini?" Angalau yeye alinieleza ukweli, sina kinyongo naye.

Aliyeniumiza ni mama. Yeye ndiye aliyegombana na ukoo mzima ili mimi nisome, wakamcheka, akawaacha wacheke. Nilitegemea atasimama na mimi. Tukakaa jikoni, anasonga ugali, haniangalii usoni. "Sikukatazi," akasema. "Siwezi kukusomesha halafu nikukataze kusoma. Ila nimezeeka, mwanangu. Humu ndani naongeaga na kuku. Nilitaka mtoto alielie humu kabla sijafa." Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Mtakaoniandikia kwamba niolewe kwanza masomo yatafuata, msijisumbue. Nawajua wenzangu walioambiwa hivyo, mpaka leo wanangoja hayo masomo yafuate. Nafasi ni moja na wanaume wanaoitaka wamejaa. Ng'ombe wa Mugango nitawaswaga mwenyewe mpaka kwa mwenye nao, mchana kweupe, kila mtu aone. Wakitaka kuniita mwanamke asiye na adabu, waniite. Baba mdogo amesema nikiwatoa zizini hatanijua tena, nami nimemjibu kwamba hata siku ile ya kunipeleka kwenye ng'ombe wale hakuwa ananijua.

Kwa hiyo kuhusu kwenda siombi ushauri, ninakwenda. Baba mdogo naweza kupambana naye, na maneno ya watu nitayazoea. Ila mama hajanikosea kitu, na hana mtoto mwingine wa kumgeukia. Ninyi mliosoma mbali mkamwacha mzazi peke yake, nishaurini kweli, msinifiche: miaka mitatu yote hiyo, mama yangu nimwache na nani?