Bote Banauliza Kanada

"Hapana mama, mutu wa kusafiri hagawi valizi. Sufuria anagawa, sawa. Kitanda anauza, sawa. Lakini valizi? Nguo zake atabeba kwa mukono mupaka Kanada?"

Nilisema hivyo leo jioni juu mama alikuwa anarudilia neno moja tu: mudogo wake haiko mugonjwa, dosye yake ya kuhamia Kanada njo imetoka, na anaficha. Alikuwa anachagua maharage. Hata kichwa hakuinua.

"Kila mutu anaficha," alisema. "We unataka atangaze kwa soko, bamuroge?"

Ni kweli, hapa kwa kambi ya bakimbizi ya Dzaleka batu banaficha. Dosye ikitoka, mutu ananyamaza mupaka siku za mwisho. Halafu vitu vinaanza kutembea: meza inaenda kwa huyu, mulango unaenda kwa yule, beseni linavuka njia. Tumezoea kusoma vile. Ukiona mutu anagawa, unajua anaenda, na unakimbia kumupongeza mbele hajamaliza vitu.

Njo vile tulimusoma mama mudogo. Yeye ni mushonaji, anakaa peke yake nyumba ya nyuma yetu. Miezi ya nyuma alikuwa halali, hakuli. Alikuwa anashona mukono wa shati upande mubaya, anafumua, anashona tena vile vile. Ukimuuliza, anasema, "Ni mawazo tu." Hapa kila mutu iko na mawazo, kwa hiyo ukisema vile hakuna mwenye anakusikia. Kwa kanisa balimuombea.

Kisha gafula akatulia. Alianza kula kidogo, akaanza kugawa. Pasi ya makaa alipatia kiongozi wa shorali, baimbaji ba kanisa. Mashini yenyewe alipatia musichana wa Burundi, mama ya batoto, mwenye yeye alikuwa anamufundisha kushona. Majirani balijaa kwa mulango.

"Eh, dada, ukifika kule ututumie makoti ya baridi!"

"Makoti ya nini hapa? Utume bwana muzungu!"

Mama moja alikasirika kabisa: "Mi nilikukanda na maji ya moto ukiwa na malaria, leo unanificha safari?"

Mama mudogo alicheka kidogo tu. Balisema kile kicheko njo ushuhuda. Na mi nilifurahi, nilisema Mungu ametenda. Mupaka aliponipatia valizi yake kubwa, ile alikuya nayo toka Uvira, kwetu Kongo. Aliipanguza vumbi, akasema, "Hii itakusaidia." Nilirudi nayo nyumbani, nikaiweka chini, nikajiuliza yeye atasafiri na nini.

Leo asubuhi nilimusindikiza Lilongwe, kwa soko ya Tsoka. Alisema anaenda kuaga mama Mumalawi mwenye anamuuziaga vitambaa. Mama mudogo bei ya kwanza hakubaligi. Kwa kifungo kimoja anaweza kubishana mupaka muuzaji anaomba Mungu. Leo alichukua kitambaa cha batoto ba musichana wa Burundi, akalipa vile alivyoambiwa.

Yule mama alishangaa. "Iwe, leo hatugombani?"

"Zikomo kwa myaka yote," mama mudogo alimushukuru.

"Aaa! Canada!" Akapiga makofi, akamukumbatia.

Tulikaa kwa stendi kungoja gari lijae. Kwa shule kuna muuguzi alikuyaga kutufundisha. Alisema ukiogopea mutu, umuulize neno lenyewe wazi, kuuliza hakumupatii wazo mupya. Siku ile tulicheka nyuma ya darasa. Leo sikuweza kuzunguka, na tena mi sijui kuzunguka. Batu balikuwa wengi, lakini Kiswahili chetu hakuna aliyekuwa anakisikia.

"Mama mudogo, unafikiri kujiua?"

Aliangalia magari. Nilifikiri atanipiga kofi.

"Nilikuwa nangoja mutu moja aulize," alisema. "Bote banauliza Kanada."

Hakulia. Mi njo nililia, na yeye njo alinipanguza na kile kitambaa kipya.

Maneno hayo nilimupatia mama juu ya sinia ya maharage. Mikono yake ilisimama. Nilifikiri sasa atasimama, atavaa kitenge, tumupeleke hospitali. Alisema polepole:

"Usimupeleke hospitali. Bakiandika ni mugonjwa wa kichwa, dosye yake italala. Anangoja toka we haujaanza shule. Utamurudishia we ile myaka?"

Sijui kama ni kweli vile banasemaga juu ya dosye na ugonjwa wa kichwa. Hakuna mwenye anajua, kila mutu aliambiwa na mwingine. Kama ni kweli, mi njo nitakuwa nimefunga mulango wake, na atakuwa na haki ya kunichukia.

"Bora anichukie," nilisema.

"Wewe na mudomo wako."

"Mama, atachukia akiwa muzima."

Alirudilia maharage. Nilichukua shuka langu. Nikiwa kwa mulango akasema, bila kuniangalia, "Fanya. Lakini usiseme njo mi nilikutuma."

Niko kwake sasa. Nyumba iko wazi sana bila vitu, hata kukohoa kunapiga mwangwi. Nilimuambia nalala hapa, na sitamuacha peke yake. Alisogea kwa ukuta, akaniachia nafasi. Uso wake siuoni, na sijui kama amekubali ao amechoka tu kukataa.

Kesho shule siendi. Asubuhi mapema, mbele batu bajae kwa foleni, nitamushika mukono twende hospitali. Muganga akiuliza iko na nini, nitamungoja aseme mwenyewe. Akinyamaza, mi nitasema lile neno, vile vile nilivyolisema kwa stendi.