Entole ya Baba

Baba yangu alikuwa na Kigiriki cha kale cha maneno kama kumi hivi, alichofundishwa na mchungaji mmoja wa Kivu Kusini tulipokuwa wakimbizi Tanzania. Alikitumia bila huruma. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa entole, yaani amri. Jumapili mchana, kwetu Minago kando ya ziwa, sahani za ugali hazijaondolewa mezani, alitueleza kwamba Wagiriki walilitumia kwa amri za Mungu, kwa agizo la mfalme kwa mjumbe wake, na kwa neno la baba kwa mwanawe.

"Sheria iko ya watu wote," alisema. "Entole, mutu anakupa wewe, uso kwa uso."

Tulicheka chini chini. Leo natamani anichoshe tena na Kigiriki chake.

Tuliporudi kutoka uhamishoni tulikuta familia nyingine kwenye shamba letu la michikichi, na wazee wakaligawa nusu kwa nusu. Tangu hapo, kila tulipokamua mawese, baba alibeba chupa ya kwanza mwenyewe hadi kwa mama mjane wa familia ile, upande wa pili wa shamba, akakaa, akala alichopewa. Nilichukia mno. Michikichi ile ilipandwa na babu yangu!

Alipougua, aliniita kitandani. "Nikienda, chupa ya kwanza iko ya mama yule. Peleka wewe, usitume mutu."

Nikasema ndiyo, baba.

Sikupeleka. Maagizo yake mengine yote niliyashika: nilisomesha wadogo zangu, niliezeka nyumba upya. Lakini nikipita kwa yule mama na baiskeli, niligeuza uso upande wa ziwa. Ukivunja amri ya Mungu unatubu, yakaisha. Ya baba aliyekwisha kuzikwa, utamwomba nani radhi? Miaka mitatu nililala na swali hilo.

Mwaka huu nilikwenda. Nilimkuta anamenya mihogo uani. Nilisimama na chupa mkononi.

"Amahoro, mama," nikasema tu, salamu yetu ya amani.

Akanisogezea kigoda. "Kaa, mwanangu. Mzee alinipa na mimi neno langu. Alisema utachelewa, nisikukasirikie. Nimelishika, lakini haikuwa rahisi."