Jeti yangu ilikosa uwanja Mtwara nzima, ikaja kuvuliwa viatu kwenye mashamba ya chumvi

Wakuu, habari za humu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi, ingawa chumvi imo.

Shule niliiachia njiani, lakini kitu kikiruka lazima nijue kinarukaje. Nimeunda jeti ndogo ya betri na rimoti, kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa friji. Ndani kuna feni, inalia kama ndege ya kweli.

Kibali ninacho. Uwanja ndio sina.

Jeti si kama drone. Haipai ikiwa imesimama, inataka runway ndefu na ngumu, maana vitairi vyake ni kama vifuniko vya soda. Viwanja vya mpira vina watu na mbuzi. Karibu na bandari malori hayaishi. Nanyamba ni mikorosho, Mpapura mikorosho. Ufukweni vitairi vinazama. Imekaa ndani mpaka panya wameonja bawa.

Asubuhi moja nikaifunga kwenye baiskeli, nikatoka mjini bila kujua naenda wapi. Nikajiambia leo isiporuka nauza feni na betri, niache ubishi. Nikashika upande wa mdomo wa Ruvuma, nikawa napinda kila panapoonekana tambarare.

Mchana, nyuma ya mikoko, nikakuta mashamba ya chumvi. Nilicheka peke yangu. Vitalu vikavu vilivyokwisha vunwa, udongo umekaza, hakuna mti wala nyumba.

Msimamizi ni mama mmoja, Bi Somoe. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akatazama miguu yangu, kisha jeti.

"Humu haingii mtu na viatu. Uchafu wa nje unaharibu rangi ya chumvi."

Nikavua, nikanawa miguu.

"Na huyo?"

"Huyo ni ndege, mama."

"Naona kavaa vitatu. Avue."

Wafanyakazi wakacheka. Nikasema bila matairi haipai. Momade, mvunaji ambaye ukoo wake ulitokea ng'ambo ya Ruvuma, akanijibu, "Kaka, si uitupe? Sisi hapa kutwa tunarusha makoleo ya chumvi."

Wakuu, ikigonga chini ndiyo basi. Lakini nikang'oa matairi.

Momade akaiinua juu ya kichwa, akakimbia peku, akaisukuma hewani. Ikazama kidogo, nikafumba jicho moja. Halafu feni ikashika, ikapanda, nyepesi kuliko nilivyowahi kuota.

Kutua, ikalala kwa tumbo na kuteleza kwenye kitalu laini kama sahani. Haikupata hata mkwaruzo.

Bi Somoe akaigeuza, akaikagua. "Safi. Huyu ana adabu kuliko mwenyewe." Kisha, "Betri si imekwisha? Lala. Chumba cha mlinzi kina mkeka na sola. Kesho nataka kuiona tena kabla hatujafungulia maji ya bahari vitaluni."

Naandika nikiwa chumbani humo, betri inachaji, matairi yako mfukoni.

Nilichojifunza: nilihangaika kutafuta uwanja wa kufaa matairi, sikuwahi kujiuliza kama matairi yenyewe yanahitajika. Wenyeji wakikupa sharti, lijaribu kwanza ndipo ubishe.

Wenzangu wa jeti, huko mliko mnarushia wapi? Na mnaotua kwa tumbo, mnaliimarisha na nini? Halafu Momade anauliza lini atashika rimoti. Nimjibuje?