Dereva Aliyewasha Hita Unguja

Wasomaji wangu mtanisamehe, leo siandiki habari za barabara wala umeme. Ijumaa tumemzika dereva mmoja wa lori, jirani yangu wa zamani pale Mwanakwerekwe, na tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri. Wengi wenu mlimwona bila kumjua. Ndiye yule aliyekuwa akipeleka mchanga kwenye hoteli za Uroa, vioo amepandisha, hita inapuliza hewa ya moto, jasho linamchuruzika, na jua la kaskazi limesimama utosini. Watoto walimwita Bwana Barafu, nasi wakubwa tulicheka pamoja nao.

Siku moja nilimkuta kwa fundi. Mafundi wetu wana mazoea yao: lori kutoka nje likiingia gereji huling'oa themostati, kile kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ishike moto. Nchi yenyewe ya joto, husema, ya nini? Basi jirani yangu aliwasha hita, ambayo hupata moto wake kwenye maji hayo ya injini, akapata hewa ya vuguvugu tu, akashuka. Hakugomba. Alimshika fundi mkono akamsihi akirudishe, na fundi akaenda kukitafuta kwenye pipa la vyuma chakavu.

Tulipokuwa tunangoja, alinieleza. Aliwahi kuendesha lori ughaibuni, nchi ya theluji, akipokezana usukani na kijana wa Makunduchi. Wakati wa joto lori lilikuwa likichemka milimani, kwa hiyo yeye mwenyewe akatia themostati inayofunguka mapema, injini ipoe. Baridi ilipoingia mwenzake alimwomba arudishe ile ya zamani, akapuuza. Kisha theluji ikawafungia njia. Injini ilikuwa inanguruma lakini hita haikupata moto wa maana, na walipofikiwa na msaada mwenzake alikuwa amekufa. "Daktari wa kule kasema moyo," aliniambia. "Lakini mwenzangu alinambia anaona baridi, nikamwambia ajifunike." Nikaanza, kama tunavyoanza sote, kumwambia hiyo ni kadari. Akanyanyua mkono. "Kadari naijua, bwana. Kila nikitaka kusema, watu hunifunga mdomo kwa hiyo. Nataka mtu anisikilize mpaka mwisho." Nikanyamaza, akaeleza upya toka mwanzo.

Sisi ni wepesi wa kufariji. Mtu hajamaliza kusema tumeshamtilia kahawa na kumkumbusha amri ya Mungu. Imani hiyo ni yangu pia, siiachi. Ila naogopa kwamba mara nyingi tunaitumia kujiokoa sisi, tusisikie jambo zito. Kwenye matanga alikuja bibi mmoja kutoka Makunduchi, mama wa yule kijana. Alisema marehemu alikuwa akimtembelea miaka yote, na kila akija huwa kama ana neno. "Nami nikimwambia, mwanangu, ni kadari, kunywa chai," alisema. Akaniuliza kama nalijua neno lenyewe. Nilimweleza lote. Akauliza swali moja tu: mwanawe, kabla hajafa, alisema nini? Hilo sikulijua. Aliyelijua alikaa mbele yake miaka yote hiyo, akalishushia kwa chai, kwa sababu sote tulikuwa na haraka ya kumpa pole.